Maji Yasiyo na Doa

Mwaka wa sabini na nne, kisima kifupi kilipokauka,
baba aliita mashine ya Hollis Zinck kutoka Bridgewater.
Siku nne ilitafuna itale nyuma ya banda la kuni,
ikitema unga wa kijivu juu ya viazi vya mama.
Mita sitini na tatu. Alilipa kwa mtamba mmoja,
kwa magogo ya msonobari,
na kwa deni lililokwisha nilipong'oka meno ya mbele.

Yakaja. Baridi kama kisu kilicholala nje,
yaking'aa hata glasi ikadhaniwa tupu.
Mgeni hakupewa chai wala pombe ya tufaha.
"Kunywa kwanza," baba husema,
kisha husimama akitazama koo lako.

Ng'ambo ya barabara, Eudora Veinot alikuwa na balaa lake.
Chuma kilipaka beseni lake kutu,
shuka za harusi zikawa rangi ya mbweha,
manganisi ikaacha utando mweusi ndani ya tangi la choo.
Tulimcheka. Mimi nilicheka.
Nikiwa na miaka tisa nilimwuliza kama anaoga chai.
Kila Jumamosi alivuka na madumu mawili,
baba akamjazia bure, akimtania,
naye akashukuru kwa mayai.
Miaka thelathini na sita ya mayai.

Mama alikuwa mtu wa kuchemsha.
Maji ya maziwa ya mdogo wangu, Lorne,
aliyachemsha dakika ishirini, jicho kwenye saa,
mpaka nusu ipae kwenye kioo cha dirisha
na ibaki nusu aliyoamini imetakata.
Hakujua kuna kitu kisichopanda na mvuke.
Kinabaki sufuriani. Kinakolea.

Sasa mama hayupo, baba ana themanini na mbili,
na nyumba imepata mnunuzi kutoka Halifax.
Benki ikataka karatasi ya maji.
Nilijaza chupa mbili ndogo, nikazizungushia barafu,
nikazipeleka hospitali nikiendesha polepole,
kama niliyebeba mkojo wa mgonjwa.

Majibu yalirudi Alhamisi, theluji ikianguka kivivu.
Rangi: hakuna. Harufu: hakuna. Vijidudu: hakuna.
Kisha mstari mmoja. Aseniki,
themanini na nne mahali pa kumi.
Nilisoma mara tatu, nikitafuta nukta niliyoiruka.

Baba akageuza viganja vyake juu ya meza.
Zile sugu tulizodhani ni zawadi ya shoka,
zile za nyayoni alizokwangua kwa jiwe kila Jumapili.
Alizitazama kama mtu anayesoma barua
iliyofika zamani, akaiweka bila kuifungua.
Kibofu cha Lorne hakukitaja.
Nami sikukitaja.

Nimlaumu nani? Jiwe lilikuwapo kabla ya jina la kijiji.
Zinck alichimba kwa haki. Hakuna aliyetia kitu.
Sisi tuliyauliza maji swali moja tu, mna rangi gani,
nayo yakajibu kweli.

Nikasema nitampigia Eudora simu.
"La," akasema baba. "Mkono uliojaza ni wangu."
Akavaa buti, akakunja karatasi, akaitia mfuko wa kifuani,
akavuka barabara kwa fimbo, hatua kwa hatua,
mara ya kwanza bila dumu kati yao.

Dirishani nilimwona Eudora akivaa miwani.
Akasoma. Akasoma tena. Akaketi.
Muda mrefu hakuna aliyesogea.
Kisha akainuka, akafungua bomba lake, akateleka birika.

Nilipofika kumchukua, chai ilikuwa na rangi ya paa kuukuu,
ndani ya kikombe chenye duara la kutu lisilosuguka.
Maji yake nayo hayajapimwa kamwe.
Baba alilijua hilo.
Alikuwa amemaliza,
amekishika kikombe kwa mikono miwili,
anamsogezea, bila neno, aongeze.